Tepu Nyeusi Nyuma ya Mashine

3 Februari

Kaka Profesa,

Shikamoo. Natumai ulifika salama na mgongo umepoa, maana kule kuinama nyuma ya meza ya Baba kulikutoa jasho hasa.

Unajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Simu ya nyumba hii unaijua. Ikilia tu, Baba anasema, "Weka sauti kubwa." Akisikia ni wewe ndiyo kabisa, anawaita na majirani. Kwa hiyo nimempa bahasha hii rafiki yake anayeendesha basi la huko kwenu, na nimemwambia ni vipimo vya suruali yako.

Jambo lenyewe ni mchezo wa malori wa kwenye kompyuta ya Baba. Kaka, mchezo bado unakwama. Hali yake kabla hujaja likizo ndiyo hiyohiyo leo. Lori linakwenda kidogo, linaganda, likizinduka tayari limo mtaroni. Ulisema kadi mpya ya picha uliyoifunga ndani inahitaji siku chache izoee. Haijazoea. Baba anakaa pale na mkono wake mmoja mzima juu ya usukani, anasubiri picha isogee, na mimi nikiwa kwenye cherehani yangu nasikia tu anavyopumua. Mtu aliyeendesha malori ujana wake wote, kiharusi kikamwachia nusu ya mwili, na sasa hata lori la kwenye skrini linamgomea.

Na ile tepu nyeusi uliyozungushia waya wa skrini bado ipo kama ulivyoiacha. Ulisema mtu asiguse mpaka urudi, basi Baba amelishika neno lako, hata vumbi la nyuma ya mashine haniruhusu nifute. Juzi nimesogeza ufagio kidogo akapiga kelele utadhani nimekanyaga mtoto.

Sasa naomba ruhusa. Bisibisi, yule fundi wa kompyuta pale kona aliyetuletea hiyo kadi (unamkumbuka, alikuletea soda akakuita shemeji kabla ya wakati wake, ukanuna), anasema aje aangalie mara moja tu. Baba hataki bila neno lako. Na wazee wa Bisibisi wanakuja mwisho wa mwezi kuzungumza habari za ndoa yetu. Ningependa wamkute Baba ana furaha.

Mdogo wako,
Kitinda


10 Februari

Kitinda, mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo umepona, ila barua yako imeniumiza kichwa.

Nitakueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Kila mashine ina uwezo wake mdogo wa kuchora picha, umejengewa ndani, unatosha kuandikia barua na kuangalia picha za harusi. Kazi nzito kama ya malori ya Baba inataka kadi yake ya kujitegemea. Kadi hiyo tumeiweka. Niliifunga kwa mikono yangu mwenyewe, mbele yenu nyote. Kama imefungwa sawasawa na bado hakuna mabadiliko, basi tatizo liko kwenye kadi. Ni feki, mdogo wangu. Siku hizi wanachukua kadi mbovu wanaibandika jina zuri, na mtu asiye na elimu hajui.

Kwa hiyo, hapana. Bisibisi asiguse kitu. Mtu aliyeuza ubovu akipewa nafasi ya kuingiza mkono ndani atapotezea ushahidi humohumo. Acha tepu ilivyo.

Ni vigumu kulisema hili, lakini nimebaki mkubwa wenu na siwezi kunyamaza. Mtu anayeweza kumdanganya mzee mgonjwa, tena mkwe wake mtarajiwa, atashindwa kukudanganya wewe? Nenda ukamwambie usoni. Habari za wazee wake zisimame kwanza. Nimeshampigia Baba na nimemweleza.

Usilie. Bora tumejua sasa.

Kaka yako,
Profesa


21 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema.

Nilikwenda saa ya wateja. Sijui kwa nini nilichagua saa hiyo, labda niliogopa nikimkuta peke yake nitalegea. Walikuwepo mama mwenye duka la vitabu na wale vijana wa chuo wanaomletea simu. Nikasimama mlangoni, nikamwambia, "Umemuuzia baba yangu kadi feki." Kaka, alicheka! Alidhani natania, maana mimi na yeye ni watu wa kutaniana. Nilipoendelea akaacha kucheka. Akaniambia, "Ilete hapa niijaribu mbele yako, au nije kwenu sasa hivi." Nikamwambia kaka yangu ni mwalimu wa kompyuta na hana haja ya kujaribiwa mambo. Akaniuliza, "Na wewe unaamini hivyo?" Nikamwambia ndiyo.

Mama wa vitabu akachukua mashine yake mezani, haijatengenezwa, akaondoka nayo. Vijana nao wakafuata. Sasa hivi duka lile ukipita limejaa viti vitupu. Wanamwita Feki. Hata watoto wa shule wakipita wanalipigia kelele hilo jina, na yeye ameinama anachomelea.

Baba amewapigia wazee wake wasije. Aliongea nao kwa upole mno, ukimsikia ungedhani anawapa habari njema.

Mchezo bado unakwama. Asante kwa kunifungua macho. Sijui kwa nini nakushukuru huku naona kama nimemeza moto.

Kitinda


6 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Shule ina mambo mengi.

Nimefanya utafiti kidogo kuhusu tatizo la Baba na nadhani kuna njia ya kuilazimisha ile kadi ifanye kazi. Fuata hivi.

Zima mashine. Chukua mkasi wako, kata tepu yote. Chomoa waya wa skrini kwenye tundu la juu, lile lililosimama. Shuka chini kidogo, utaona kipande cha chuma kipya chenye matundu yaliyolala. Chomeka hapo. Washa. Ukifungua mchezo usiingie barabarani kwanza, nenda kwenye mipangilio ya picha. Pale juu kuna jina la kadi. Mchezo wa zamani unakumbuka jina la siku ya kwanza na hauliachi mpaka uambiwe. Chagua jina jipya, funga mchezo, ufungue tena.

Hakuna haja ya kumweleza mtu yeyote kwa kirefu. Ni mambo ya kiufundi tu.

Unakula vizuri? Nilikuwa nawaza, ile habari ya Bisibisi pengine tuliiharakisha kidogo. Watu hukosea, hata wauzaji. Msalimie ukimwona.

Kaka yako


15 Machi

Kaka Profesa!

Shikamoo mara mia. Limekwenda!

Nilikata, nikachomeka, nikachagua, na Baba akashika usukani. Kaka, lori liliteleza kama limepakwa mafuta. Miti inapita, mvua inaonekana inanyesha kwenye kioo, vioo vya pembeni vinaonyesha lami inavyorudi nyuma. Baba alipanda mlima mzima. Alipofika juu akasimamisha lori pembeni, akawasha taa za dharura kama dereva mstaarabu, akalia. Sijawahi kumwona Baba analia, hata alipoanguka hakulia.

Sasa ngoja nikupe sifa zako, maana zimejaa mtaa mzima. Marafiki zake madereva wanakuja kila jioni wanapeana zamu. Kila anayeingia anahadithiwa upya: "Kadi yenyewe ilikuwa feki, lakini mwanangu ameilazimisha kwa barua! Kwa barua tu, hakugusa hata msumari!" Anaipigapiga mashine kama mtu anayempapasa ng'ombe. Dereva mmoja amesema ukigombea uongozi atakupa kura.

Bisibisi naye amesikia. Alikuja hadi mlangoni, amekonda, akauliza kwa adabu kabisa, "Mzee, naomba kujua kaka alibadilisha nini." Baba akamwambia, "Kakuaibisha, hicho ndicho alichobadilisha." Madereva wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa kwenye cherehani na sindano mdomoni. Akaniangalia, akaondoka. Anafunga duka mwisho wa mwezi huu. Anahamia mji mwingine, nimesikia kwa mama wa vitabu.

Kaka, nina swali moja na nataka unijibu kama mtu mzima mwenzio. Mimi ni fundi cherehani. Nikikata kitambaa upande mbaya, suruali ikakataa kukaa, siwezi kusema kitambaa ni feki halafu nikikigeuza kikawa kizuri. Nilihamisha waya tu. Sikugusa kitu kingine. Kadi feki imefanyaje kazi?

Kitinda


19 Machi

Kitinda,

Haikuwa feki. Haijawahi kuwa feki hata siku moja.

Nilichomeka skrini kwenye tundu la mashine badala ya tundu la kadi. Ndiyo yote. Ile kadi nzuri ilikaa pale tangu likizo, imepewa umeme, inazungusha feni yake, haina hata waya mmoja wa kupelekea picha. Michezo mipya mingine ina akili ya kuitafuta kadi yenye nguvu. Wa Baba ni wa zamani, hauulizi. Unashika chochote kilichounganishwa na skrini, basi. Ni kosa ambalo mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza akilifanya namcheka. Halafu nikalifunga kwa tepu, nikaweka na amri juu yake.

Utauliza nilijua lini. Kabla ya barua ile ya mkasi. Mkuu wa shule aliletewa mashine mpya yenye kadi, ya kutengenezea video za mahafali, na katibu wake, mama mmoja mpole, ndiye aliyeiunganisha. Picha zikawa zinakwama. Nikaitwa. Nikachungulia nyuma, nikacheka kwa sauti, walimu wote wapo. Nikasema, "Mama, umemwalika mgeni halafu chai umeinywa mwenyewe! Waya hauko kwenye kadi!" Wakacheka wote. Yule mama uso ukamshuka, akaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Na mimi kicheko kikanifia mdomoni, kwa sababu niliona meza ya Baba, nikaiona na tepu, nikauona hata ukucha wangu ukiibana ishike vizuri.

Ningekuandikia siku ileile. Nilikaa, nikaandika, nikachana. Nikaandika tena. Nilichokuja kutuma ni ule uongo wa utafiti. Nilijiambia mchezo ukitengemaa, mengine yatajifia yenyewe. Sikujua Baba atanigeuza shujaa. Kila sifa uliyoniandikia nimeisoma kama mtu anayesomewa mashtaka. Nakula chakula cha mchana ofisini peke yangu, siwezi kumtazama yule katibu, na wanafunzi wakiniita "Mwalimu" nageuka nyuma nione wanamwita nani.

Nimeona haya, mdogo wangu. Haya mpaka kwenye mifupa. Nimemharibia mtu jina, nimekuvunjia ndoa yako kabla haijaanza, na yote hayo kwa sababu sikutaka kuinama mara ya pili nyuma ya meza.

Humu ndani nimeweka bahasha nyingine, ya Baba. Nimeeleza kila kitu. Tafadhali msomee siku akiwa mtulivu, wageni wakiwa hawapo. Aya ya pili unaweza kuiruka ukiona amechoka. Na Bisibisi mwambie kwa niaba yangu kwamba nasikitika.

Kaka yako


26 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ni wajibu.

Bahasha ya Baba hiyo hapo nakurudishia. Sijaifungua.

Mara ya kwanza ulinipa maneno yako nikayabeba hadi kwa mtu, nikamvua nguo mbele ya wateja wake. Mdomo ulikuwa wangu, maneno yalikuwa yako. Sasa unanipa mengine nikayabebe, tena nichague aya! Sikubebei. Mimi sehemu yangu nimeimaliza. Nimekwenda dukani saa ileile ya wateja, ila wateja hawapo siku hizi, kwa hiyo nimemvuta mama wa vitabu kwa mkono nikamwambia njoo usikie. Nikamwambia Bisibisi kwamba kadi ilikuwa nzima, kwamba nilimtukana bila kuangalia, na kwamba aliponiuliza kama naamini nilipaswa kusema sijui. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Sikujua, nikasema najua, kwa sababu kaka yangu kasema.

Aliendelea kupanga vifaa kwenye maboksi. Mwisho akasema, "Wewe umekuja. Mtaa mzima bado unamsikia Mzee."

Jumapili Baba amewaalika madereva wote waje waone kifaa. Amenunua soda kabisa. Atahadithia tena, unajua atakavyohadithia. Njoo ukae kwenye kile kiti cha plastiki kilichovunjika mkono, umsikilize anavyokusifu, halafu usimame useme. Bisibisi nimemwomba aje. Sijui kama atakuja.

Hasira yangu haikuhusu kukosea waya. Hiyo tungecheka wote, mimi ningekutania hadi unazeeka. Usipokuja, sitasema kwa Baba. Nitanyamaza, na wewe utaendelea kuwa Profesa wake.

Kitinda


7 Aprili

Mwanangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo herufi zinapanda na kushuka kama barabara mbovu. Vumilia. Kitinda amesema anisaidie nikakataa.

Uliondoka Jumapili ileile bila kula, ukadhani nimekukasirikia kwa sababu niligeuza uso ukutani. Nataka kukwambia ule ukuta nilikuwa nautazamia nini.

Uliposimama pale mbele ya wenzangu, sauti yako ilitoka nyembamba kama ya kipindi kile ulipovunja kioo cha lori langu. Uliposema, "Mimi ndiye niliyekosea, na nilijua, na niliwaacha mcheke," niliwaona madereva wanaangalia chupa zao. Bisibisi alikuwa amesimama nje dirishani, hukumwona. Alisikia hadi mwisho, akaenda zake. Nilitaka kukuita. Nilishindwa, kwa sababu nilikuwa nawaza habari zangu mwenyewe.

Siku uliyonipigia ukasema kadi ni feki, mwanangu, nilifurahi. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, wazee wa yule kijana wanakuja, na kila nikimwona Kitinda anashona huku anaimba nilikuwa najiuliza akiondoka nani ataninyanyua kitandani. Nani atanifunga vifungo. Wewe ukaniletea sababu, nikaidaka kwa mikono yote miwili, hata huu uliokufa. Nilipowapigia wale wazee nilisema kwa upole kwa sababu nilikuwa nimepona wasiwasi. Sikuuliza swali hata moja. Nimeendesha gari miaka yangu yote, nikisikia mlio mbaya nashuka naangalia chini. Huu niliusikia nikaongeza sauti ya redio.

Kwa hiyo wewe ulikosea tundu. Mimi sikukosea kitu, nilichagua. Jumapili ulisema mbele za watu, mimi nikageukia ukutani. Nakuandikia na wewe kwa sababu wewe umeshaijua njia.

Jana nimemwambia Kitinda. Aliendelea kunifunga vifungo, akafunga kimoja vibaya, akakifungua akakifunga tena. Leo asubuhi nimewapigia wale wazee, sauti kubwa, Kitinda anasikia, na nikawaambia nilivyokuambia wewe. Hawakujibu kama watakuja. Wamesema watamuuliza kijana wao.

Kijana mwenyewe amepita hapa jioni. Hakukaa, hakunywa kitu. Maboksi yake bado hajayafungua, lakini lori la kuyabeba ameliambia lingoje. Alisema amekuja kuangalia waya tu. Akainama nyuma ya meza, akachungulia, akachomoa, akachomeka tena palepale, akasema, "Uko sawa."

Nikamnyooshea tepu yako nyeusi, ile iliyobaki haijatumika, aufunge waya usitikisike. Aliishika akaitazama, akairudisha mezani. Akaniambia, "Hapana, Mzee. Acha wazi, mtu akiona kasoro aweze kuchomoa."

Njoo likizo. Safari hii ukae ule.

Baba yako